Tapeti Iliyonyamaza

Mwezi wa sita, mpunga ukiwa umeshavunwa na magunia yakipandishwa mlimani kila siku, kijana mmoja wa bodaboda alisukuma pikipiki yake hadi chini ya mwembe wangu hapa Ilemba, bondeni Rukwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Imekuwaje?"

Akaketi kwenye gogo, akajifuta vumbi usoni. "Imeishiwa nguvu kule Kalambanzite, na nilibeba gunia moja tu. Halafu ndiyo kwanza imetoka kufanyiwa injini, haijamaliza hata mwezi. Ilikuwa imetulia hiyo, mzee! Tapeti huzisikii kabisa."

Maneno hayo ya mwisho yaliniingia mwilini kama baridi. Nilikwisha kuyasikia zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na aliyeyatamka nilikuwa mimi.

Nikamwambia tuiache ipoe. Jua lilipoinama nilifungua vifuniko vya roka, mikono ile inayosukuma valvu, nikaizungusha injini taratibu mpaka pistoni ikafika juu, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa. Hapo roka inatakiwa icheze kidogo ukiishika kwa vidole. Ya ekzosi haikucheza. Nikachukua fila geji, kile kipimo cha vijani vya chuma, jani jembamba kuliko yote, la milimita 0.04, likagoma kuingia. Tulipong'oa hedi tukakuta ukingo wa valvu umeliwa upande mmoja, pengo la ukubwa wa punje ya mchele, na chuma cha pembeni yake kimegeuka rangi ya majivu.

Kijana alilipapasa lile pengo kwa ncha ya kidole. "Sasa fundi alikosea nini, mzee? Mbona alikaza vizuri?"

Swali hilo ndilo limeniketisha kuandika. Kwetu sisi kukaza ni sifa. Tunaambizana kaza buti, kaza moyo, kaza mwendo, na mtu akizembea tunasema amelegea. Kijana anayejifunza ufundi chini ya mti, bila kitabu na bila kipimo, anaingia kazini na maneno hayo kichwani. Nati iliyokazwa ni nzuri, injini isiyolia ni nzuri. Hakuna anayemwambia kwamba ndani ya injini kuna mahali ambapo kazi yote ya fundi ni kuacha pengo, na kulipima pengo hilo kwa uangalifu kuliko anavyopima kitu kingine chochote.

Mimi niliambiwa. Ila mara ya kwanza sikusikia.

Niliingia gereji moja mjini Sumbawanga mwaka 1987, nikiwa na miaka 17. Lami ya kutoka Tunduma ilikuwa bado miaka mingi. Masika gari liliweza kulala njiani mara mbili kabla ya kufika, na spea zilikuja kwa mwendo huohuo, mojamoja, kutoka Mbeya au ng'ambo ya mpaka huko Nakonde, ndani ya mkoba wa dereva. Kwa hiyo kazi yetu haikuwa kubadilisha vitu, ilikuwa kuvifufua. Gari tulilolifungua mara nyingi kuliko yote lilikuwa Land Rover ya petroli ya lita 2.25, silinda nne, valvu nane. Fundi mkuu wetu alikuwa mzee wa Kifipa aliyefanya kazi ujanani kwenye migodi ya shaba ya Zambia, mtu wa maneno machache.

Miezi mitatu ya kwanza sikushika spana. Nilikuwa na karai la mafuta ya taa na brashi. Siku moja nilichomoa pushirodi nane nikazitumbukiza zote pamoja karaini. Mzee alitazama, hakunigombeza. Alinituma dukani nikaombe boksi tupu la sabuni, akalitoboa matundu manane kwa bisibisi, akayaandika 1 mpaka 8. "Hivi vimezoeana," akasema, "kila kimoja na mwenzake. Ukivichanganya vinaanza kulana upya." Alikuwa na maana kwamba kila tapeti imeshazoeana na nundu yake ya kamshafti, na kila pushirodi imeshajikalia kwenye kikombe chake. Hata leo, nikifungua injini ya namna hiyo, jambo la kwanza ni boksi.

Kisha akanipa valvu za kusaga. Hii ni kazi ya mikono na masikio. Unapaka dawa ya kusagia ukingoni mwa valvu, unaishika kwa fimbo yenye kikombe cha mpira kinachonyonya, halafu unapekecha kati ya viganja kama mtu anayepekecha moto. Mwanzoni inakwaruza, sauti ya mchanga kwenye sufuria. Dawa ikilainika, sauti nayo inashuka mpaka unasikia kama mtu ananong'ona. Unainua, unaigeuza robo, unapekecha tena. Ukifuta kwa kitambaa unaliona duara la kijivu lisilo na mng'ao, upana mmoja pande zote, na pacha wake kwenye kiti cha valvu. Likikatika mahali, hata pembamba kama uzi, unarudia. Mikono yangu ilichubuka mpaka nikawa nashika ugali kwa ncha za vidole. Ukidhani umemaliza, hedi inalazwa, mafuta ya taa yanamiminwa kwenye njia ya moshi, na mzee anaondoka kwenda kunywa chai. Akirudi akakuta unyevu chini ya valvu, anakurudishia fimbo bila kusema neno.

Nilidhani duara lile ni la kuzuia upepo tu. Siku moja akanieleza lina kazi gani nyingine. Valvu ya ekzosi inapitiwa na moshi wa moto mkali mno, na yenyewe hufika nyuzi 700 na zaidi. Inapona kwa sababu muda mwingi inakuwa imekaa kitini, na hapo kitini ndipo inapotua mzigo wake. Sehemu kubwa ya joto lake, kiasi cha robo tatu, hutokea kwenye ukingo ule mwembamba kwenda kwenye hedi na kwenye maji ya rejeta. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 25 kwa sekunde moja, na kila mara inarudi kupumzika. Sasa chuma kikipata moto hurefuka. Kama huku juu, kati ya roka na shina la valvu, hukuacha nafasi, shina likirefuka halina pa kwenda. Roka imekazwa, haisogei, kwa hiyo valvu ndiyo inayoinuka kitini, kwa upana wa unywele. Moto unapenya kwenye uwazi huo kama mdomo wa gesi ya kuchomelea, na valvu haipumziki tena mpaka iungue.

Kwa hiyo tapeti inayogongagonga kidogo ikiwa baridi imekuachia dalili ya uhai wake. Inayonyamaza ndiyo ya kuogopa.

Mzee alikuwa na desturi ya kurudi kwenye habari za malungu, ile minara ya udongo ambayo masalia yake bado yako huku na huko Ufipa, mirefu kumpita mtu, ambamo babu zetu waliyeyusha chuma. Lungu halikuwa na mvukuto. Upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini, na mvukuto ulisubiri tanuri dogo la pili, la kukisafisha chuma. Babu yake alikuwa mmoja wa wayeyushaji hao. "Ukiziba tundu ili moto usitoroke," alikuwa akisema, "chuma hakitoki." Wakati ule niliyachukua kuwa majivuno ya mtu kwa kabila lake, nikawa naendelea kupekecha.

Aliponifundisha kuseti ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, baridi ya Sumbawanga ile ya mtu kutoa moshi mdomoni. Injini ilikuwa imelala usiku kucha. Alitoa plagi zote nne ili izunguke kirahisi, akatia hendeli mbele, akanikabidhi. Kwenye bodi ya gari akaandika kwa chaki namba 1 hadi 8.

"Tafuta iliyofunguka kabisa. Ya ngapi?"

"Ya nane."

"Tisa toa nane?"

"Moja."

"Basi seti ya kwanza."

Ikifunguka ya sita unaseti ya tatu. Ikifunguka ya nne unaseti ya tano. Jumla iwe tisa siku zote, kwa maana moja ikiwa imesukumwa hadi mwisho, mwenzake yuko juu ya mgongo wa duara wa kamshafti, ambako hakuna kinachomsukuma. Kanuni hii imo kwenye kitabu cha Land Rover, ila sisi kitabu hatukuwa nacho. Nafasi yenyewe ni robo ya milimita, 0.25, valvu za kuingiza na za ekzosi sawasawa. Jani la geji likipita lisiguswe na kitu, umelegeza mno. Likijikunja ukilisukuma, umebana. Linatakiwa lipite na uzito kidogo, kama karatasi unayoivuta ikiwa imelaliwa na kitabu. Kisha unashikilia bisibisi, unakaza nati ya kufungia, na unapima tena, kwa sababu nati ikikazwa huondoka na skrubu. Wengi tunaishia kabla ya kupima tena.

Kuna jambo jingine nililoliona kwake ambalo sijaliona kwa mafundi wengi. Kabla ya kugusa geji alipitisha ukucha kwenye ncha ya kila roka, pale inapogonga valvu. Roka iliyochoka huchimbika kishimo, na jani la geji hulala juu ya kingo za kishimo kama daraja. Wewe unasoma 0.25, kumbe shina la valvu limejificha shimoni na nafasi ni kubwa zaidi. Roka za hivyo alizinoa kwanza kwenye jiwe mpaka ncha ikarudi kuwa laini. Ilichukua nusu siku, na mteja hakulipa senti moja kwa nusu siku hiyo.

Yaliyonipata yalikuwa mwaka 1989. Dereva wa Land Rover iliyokuwa ikibeba watu na mpunga wa bondeni alirudi siku moja baada ya sisi kuifunga injini yake. Aliiacha inanguruma mlangoni, akashuka amekunja uso. "Inalia kama cherehani. Nimelipa hela yote ile ili ilie?" Mzee alikuwa msibani Laela. Nilikuwa na miaka 19, nimeshaanza kuitwa fundi. Nikafungua kifuniko injini ikiwa ya moto, nikakaza skrubu moja baada ya nyingine kwa kusikiliza, mpaka mlio ukafa. "Sasa imetulia," nikamwambia. "Tapeti huzisikii." Akacheka, akanipa hela ya soda.

Siku ya nne habari ikaja na lori. Gari limekwama Lyamba lya Mfipa, katikati ya mlima, na watu kumi na mmoja ndani.

Asiyeijua njia ile ajue hivi. Ziwa Rukwa liko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Sumbawanga umepita 1,700. Tofauti hiyo unaipanda sehemu kubwa kwa pumzi moja, kwenye ukuta wa mlima, gia ya kwanza na ya pili, upepo wa kupoza injini ukiwa haba na hewa ikipungua kadiri unavyopanda. Pale valvu inafikia urefu ambao kwenye barabara tambarare haitaufikia kamwe.

Mzee aliporudi nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mfuko wa spana, akanipa niubebe. Lori lilitushusha juu ya mlima jioni, tukateremka kwa miguu. Wasafiri walikuwa wamekoka moto kando ya barabara. Huo ulikuwa usiku wao wa tatu pale. Mama mmoja mtu mzima alikuwa anachoma mihogo. Akaniangalia na ule mfuko begani. "Wewe ndiye fundi, mwanangu?" Nikasema ndiye. Akakiondoa kipande motoni, akakipuliza majivu, akanipa. "Kula kwanza. Umetembea." Sikuweza kumtazama. Nilikitafuna kipande kile nikiwa nimegeukia gizani, na hakikupita kooni.

Alfajiri injini ilikuwa baridi kama jiwe. Tapeti tano kati ya nane hazikuwa na nafasi hata ya jani jembamba. Tuliziseti zote upya, na silinda tatu zikarudisha kompresheni. Ya nne ilikuwa imeungua. Mzee alichomoa waya wa plagi ya silinda hiyo, gari likageuzwa, likateremka hadi Ilemba kwa silinda tatu. Hapo tulifungua hedi chini ya mti, akatoa kwenye mfuko wa koti valvu kuukuu aliyokuja nayo, nikapekecha siku nzima. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulala Ilemba. Miaka sita baadaye nilihamia. Hela ya soda aliniamuru niirudishe kwa dereva, mbele ya abiria wake, na nikairudisha.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Kipimo nilikuwa nakijua. Ningeamshwa usiku nikaulizwa, ningejibu 0.25. Nilichoshindwa ni kumwambia mtu aliyelipa kwamba mlio anaouchukia ndio unaomlinda. Fundi hulipwa papo hapo kwa kile mteja anachokisikia, na madhara yanatokea siku tatu mbele, mlimani, ambako fundi hayupo na mama mmoja analala na baridi. Sijui chuo kinachofundisha kukataa, lakini kwa maoni yangu ndiyo nusu ya ufundi.

Nusu nyingine ni kurudi kupima. Watu wengi, hata mafundi, huamini kwamba injini ikichakaa nafasi huongezeka tu. Upande wa kamshafti, tapeti na roka ni kweli. Lakini kiti cha valvu kikiliwa, valvu inazama kwenye hedi, shina linasogea juu na nafasi inapungua. Gasketi mpya ya hedi ikipata moto hulala, hedi inashuka, pushirodi haifupiki, nafasi inapungua. Hedi iliyokwenda kuchongwa Mbeya inarudi nyembamba kidogo, mambo ni yaleyale. Ndiyo maana baada ya kufunga injini tuliiwasha ikapata moto, tukaiacha ipoe, tukakaza bolti za hedi kuanzia katikati kwenda nje, tukaseti tena, na tukamtaka mwenye gari arudi baada ya kilomita 800 hivi. Mzee aliandika kwa rangi ndani ya boneti tarehe na kilomita. Wengi hawakurudi. Injini zao zilizidi kuwa kimya, nao wakazidi kufurahi.

Kupungua huko kwa nafasi kuliongezeka petroli yenye risasi ilipoondolewa. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001, na kufikia mwisho wa 2005 ilikuwa imeondoka. Nashukuru iliondoka, kwa maana risasi ile ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Ila kwenye injini za zamani ilikuwa ikiweka utando juu ya viti vya valvu, na utando ulipotoweka viti vikaanza kuliwa haraka. Land Rover ambazo nilikuwa nazipima mara moja kwa mwaka nikaanza kuzipima kila baada ya mavuno na kila baada ya masika.

Kabla ya hapo zilikuwa zimeshafika Land Cruiser za injini ya 1HZ, dizeli, silinda sita, valvu kumi na mbili. Niliifungua ya kwanza mwishoni mwa miaka ya tisini, nikabaki nimeduwaa. Hakuna skrubu! Kamshafti inabonyeza kikombe, na juu ya kikombe kuna kisahani cha chuma, shimu. Ukitaka kubadilisha nafasi unabadilisha shimu kwa nyingine yenye unene tofauti. Za kuingiza zinataka kati ya 0.15 na 0.25, za ekzosi kati ya 0.25 na 0.35, injini ikiwa baridi. Mimi ni mtu wa darasa la saba, lakini nilikaa na kipande cha boksi na kalamu. Ikiwa shimu iliyomo ni 2.50, nafasi niliyoipima ni 0.15 na ninayoitaka ni 0.30, basi nahitaji ya 2.35. Unene niliupima kwa maikromita niliyoiazima kwa mwalimu wa fizikia, na kifaa cha kubonyezea kikombe nilikichonga kwa kipande cha springi. Shimu mpya hazikuwepo, nikawa nazihamisha zilezile kutoka valvu hii kwenda ile. Nane zilipata makazi. Nne tulizingoja kutoka Mbeya wiki mbili, gari likiwa juu ya mawe, na safari hii mwenye gari alipokuja kuniambia nifunge hivyohivyo nilimwambia hapana.

Sasa nirudi mwembeni. Kesho yake baada ya kung'oa hedi ya pikipiki, yule bodaboda alirudi na fundi aliyemfungia injini, kijana wa miaka kama ishirini. Alikuja amenuna, mikono mfukoni. Sikumwambia lolote kuhusu tapeti. Nilimsimulia habari ya muhogo, na mikono ikatoka mfukoni. Nikamuuliza geji yake iko wapi. Hana. Nikauliza na mafundi wengine wa mtaa wake, wanne kwa jumla. Mmoja anatumia kipande cha msumeno wa chuma, watatu wanatumia sikio. Hawa ndio wanaobeba uchumi wa bonde hili, maana mpunga, ufuta na samaki wa Rukwa wanapanda mlima kwa injini zilizofungwa na mikono yao.

Kijana huyo anajiandaa kwenda kupimwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwenye ule utaratibu wa kutambua ujuzi ambao watu wameupata kazini bila kupita chuoni. Naunga mkono utaratibu huo kwa moyo wote. Laiti ungekuwepo mzee wangu angekufa na cheti. Lakini naomba anayempima fundi aanze kwa kumwambia atoe geji mfukoni, na asipokuwa nayo, asiondoke bila kuelekezwa pa kuipata. Ni vijani vya chuma vinavyoenea kiganjani.

Tulileta valvu mpya. Nilimpa fimbo, akapekecha chini ya mwembe mpaka adhuhuri, mara tatu nikimrudishia. Tukaifunga, ikalala. Asubuhi, kabla jua halijapanda, akaiseti mwenyewe kwa 0.08 ambayo aina ile inataka, akakaza nati, akapima tena bila kuambiwa. Bodaboda akapiga kiki. Injini ikashika, na chini ya mngurumo ukasikika ule mlio mwembamba wa chuma kugusa chuma. Akatugeukia, uso umejaa mashaka.

"Iache hivyohivyo," fundi akamwambia. "Jumapili uilete kabla hujaiwasha."

Jumapili alikuja anaisukuma, kutoka kwao hadi mwembeni, ili tuikute ikiwa baridi.